Mzee Kufuli Barazani kwa Zainuddin

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Lahaula! Sijapata kuambiwa neno kama hili tangu niweke cherehani yangu hapa Pangani.

Asubuhi Zainuddin mwenye duka katoka na kikombe cha chai, kasimama katikati ya baraza lake. Kulia kwake mimi na nguo zangu, kushoto kwake Mselem kinyozi na kiti chake. Akatutazama kama mtu anayechagua papai. Kisha akasema magunia ya mbata, zile nazi kavu, yamemzidi, stoo imejaa, anautaka upande mmoja wa baraza. Mmoja wetu atahama. Nani? Akasema hana upendeleo. Anayemletea watu dukani ndiye atakayebaki, na ataamua Ijumaa ya juma lijalo.

Mimi nihamishwe! Mimi niliyemshonea mwanawe kanzu ya harusi!

Mselem? Alitabasamu, akanoa wembe. Najua anachowaza. Yeye ana hadithi. Kila anayekaa kwenye kiti chake husimuliwa habari za mpishi wa Sultani, na mtu mwenye wembe shingoni hana budi kusikiliza. Wengine hungojea zamu na hata ndevu hawana. Mimi nina nini? Nina kaptula za watoto wa shule.

Alasiri fikra ikanijia, nikajichoma sindano kwa furaha. Tanga wanaonyesha sinema ya Kihindi. Mselem hajapata kuona sinema, yeye ni mpishi yule yule na chungu kile kile. Nitakwenda, nitaiona, nitarudi nayo kichwani nzima nzima, niisimulie barazani kipande kwa kipande. Nani atabaki kwa kinyozi?

Nimemwambia mke wangu Asmahani nakwenda Tanga kununua uzi. Akauliza ni uzi gani huo usiopatikana kwa Zainuddin, nami nafanya kazi mlangoni pake. Nikasema uzi wa rangi. Akanitazama, akaendelea kukuna nazi.

Alhamisi, 6 Septemba

Naandika kwa shangazi yangu, Tanga.

Jumba la sinema lilifurika. Mimi nilipata nafasi kati ya mpagazi wa bandarini na nguzo. Sinema haikusema hata neno moja ninalolijua. Nilidhani nitaelewa kwa macho. Macho yakaelewa nusu, nguzo ikala nusu. Yupo kijana mzuri, masikini. Yupo mama yake, ama ni kipofu ama ana usingizi. Yupo msichana anayeimba kila akiona maji. Na yupo tajiri mmoja mzee, uso kama mlango uliofungwa.

Mpagazi alinieleza kila jambo, nikamshukuru sana, mpaka aliposema yule msichana ni dada wa kijana. Wakati huo kijana anamwimbia wimbo ambao dada haimbiwi! Kumbe naye hajui kitu!

Basi likaja jambo lenyewe. Tajiri kajibanza nyuma ya mlango na shoka mkononi. Kijana anakuja, anapiga mluzi, hana habari. Jumba zima likapiga kelele kumwonya. Nami nilipiga. Tofauti ni kwamba mimi nilipanda juu ya kiti. Kiti kilikuwa kibovu. Nikamwangukia bwana wa mbele mabegani, akiwa na mkewe, wakwe zake na karanga zao. Nikashikwa kwapani, nikatolewa nje.

Nje! Nimesimama barabarani kama mbuzi aliyepotea, na ndani watu wanapiga ukelele! Kimetokea nini? Kijana kakatwa? Nikabandika sikio ukutani. Nikasikia wimbo. Sasa anayeimba ni nani? Kwa nini? Na shoka limekwenda wapi?

Nimekuja Tanga kuchukua hadithi. Narudi na nusu hadithi na uvimbe gotini.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimerudi Pangani. Neno la kwanza la Asmahani: uzi uko wapi. Yarabi, uzi!

Nikasema wamefunga. Akauliza, Tanga yote?

Mchana nimekaa na cherehani nikiipanga hadithi. Kijana ninaye. Msichana ninaye. Mama nimeamua ni kipofu. Tatizo ni tajiri. Nakumbuka uso wake tu, ubaya wake sikuuelewa. Hadithi isiyo na mbaya haikai mwilini. Nikajiuliza, ni nani ninayemjua, nimeketi kwake, nimeona tabia zake kwa macho yangu?

Jibu lilikuja lenyewe, nikaona aibu kidogo, aibu ikapita. Mkwe wangu! Mzee Shekhe wa Bweni, ng'ambo ya mto, baba yake Asmahani. Funguo zote za nyumba ziko kiunoni mwake na hulala nazo. Ghala lake la chakula lina mlango mnene kuliko wa boma. Kabla ya kusema uongo hukohoa. Na mgeni akibisha wakati wa kula, Mzee hutoka, hukohoa, husema, “Ah, ungetangulia kidogo!” Na nyuma yake sufuria inafuka moshi!

Yeye haji upande huu ila kwa jambo kubwa. Hatasikia kamwe.

Jumamosi, 8 Septemba

Ushindi! Ushindi mpaka mimi mwenyewe nimeduwaa!

Baada ya sala ya alasiri nilianza kwa sauti ya chini, kama najisemea mwenyewe huku nashona. Hiyo ndiyo siri ya usimulizi. Ukimwita mtu hasimami, ukimnyima anakuja. Wakasimama wavuvi. Akasimama muuza kahawa. Nikamleta kijana na mama yake kipofu, wakasikitika. Nikamleta msichana, wakakaa chini. Kisha nikamleta tajiri, nikampa jina la Mzee Kufuli. Nikaeleza jinsi kijana alivyofika kwake na njaa, harufu ya wali wa nazi imejaa ua mzima, na Mzee Kufuli akafungua mlango kiasi cha pua tu, akakohoa, akasema, “Ah, ungetangulia kidogo!”

Baraza lilipasuka kwa vicheko! Mteja wa Mselem akanyanyuka kitini na kitambaa shingoni, shavu moja limenyolewa na la pili povu tupu, akaja kukaa kwangu. Mselem akamfuata na wembe akimsihi. Watu wakamwambia anyamaze, hawasikii.

Nikakatiza pale pale Mzee Kufuli anaponyoosha mkono gizani kutafuta shoka. Wakanipigia kelele niendelee. Nikasema jicho limechoka. Hawakutaka kuondoka! Zainuddin kauza biskuti zote, hata zile zilizolowa.

Jumapili, 9 Septemba

Kipande cha pili. Watu wamezidi, wengine wametoka Mkoma. Wanawake wamejaa nyuma ya mlango wa duka pamoja na Bi Khatijabai, mama yake Zainuddin.

Sikujua kwamba Asmahani alikuwa miongoni mwao. Nimefika nyumbani nikitarajia sifa. Nikamkuta amekaa juu ya mbuzi ya nazi na hakuni kitu.

“Yule ni Baba,” akasema.

Nikamuuliza baba gani. Yule ni Mhindi, tajiri, wa sinema.

“Wahindi wa sinema wanasema ‘ungetangulia kidogo’?”

Nikasema lugha zinafanana.

Hakucheka. Akasema baba yake akisikia, yeye atafunga nguo zake na kwenda Bweni, nami nitakaa hapa na Mzee Kufuli wangu. Akanitaka nimbadilishe. Nimeahidi. Kesho nitampaka Mzee Kufuli hina nyekundu ndevuni. Hakuna atakayemjua.

Jumatatu, 10 Septemba

Mungu wangu! Niandike vipi?

Alasiri nimeinua kichwa nianze, na nani kakaa mbele kabisa, juu ya kibao, fimbo katikati ya magoti? Mzee Shekhe! Kavuka kwa kivuko! Habari za hadithi zimefika Bweni, akaona asipitwe.

Nikamwamkia shikamoo kwa sauti isiyokuwa yangu. Nikatia uzi, ukakataa kuingia. Nikafikiri niseme naumwa, lakini baraza limejaa na Zainuddin amesimama mlangoni anahesabu vichwa. Nikaanza. Mzee Kufuli akaja na ndevu zake nyekundu, na ghafla, bila sababu yoyote, akafungua ghala akampa kijana gunia la mchele.

Watu wakashangaa. Na wa kwanza kusimama ni mkwe wangu!

“Uongo!” akanguruma, fimbo juu. “Mtu kama yule hatoi! Namjua mtu wa namna ile. Sema kweli!”

Watu wakamuunga mkono: sema kweli, sema kweli! Nifanye nini? Nikasema Mzee Kufuli alitoa gunia, kisha akamfuata kijana njiani akalichukua. Mkwe wangu akajipiga kofi gotini kwa furaha. “Ehee! Huyo ndiye!” Akacheka mpaka akafuta macho, na funguo kiunoni zikawa zinalia kama njuga.

Watu walipoondoka akanishika bega, akanivuta pembeni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amekwisha kumtambua Mzee Kufuli ni nani. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

“Ni huyu Zainuddin,” akaninong'oneza. “Una moyo, mkwe wangu. Kumsema mtu juu ya baraza lake!”

Nimeduwaa mpaka sasa. Amelala hapa kwetu ili asikose kipande cha kesho. Asmahani anatembea nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Jumanne, 11 Septemba

Asubuhi Zainuddin kanikonyeza. Naye anamjua Mzee Kufuli. Ni Mselem! Ati Mselem hajapata kumwazima mtu wembe. Nikamwambia ana jicho kali.

Lakini mshtuko wa leo ni mwingine. Bi Khatijabai kaniita ndani, kanipa chai na mandazi, kisha akasema sinema yangu yeye ameiona, Idi iliyopita, kwa binti yake Tanga. Akaisikia vizuri, kwa kuwa lugha ni yake.

Chai ilinipita njia isiyo yake.

Akaniambia yule mzee mwenye shoka si mbaya. Ni baba yake kijana! Walipotezana kwenye mafuriko. Shoka lilikuwa la kuvunjia mlango ili amwokoe mwanawe. Na mama si kipofu, alikuwa analia. Na bwana wa mbele ningemwacha na karanga zake, dakika moja tu baadaye baba na mwana wangekumbatiana mbele yangu!

Nikamsihi asiseme kwa mtu. Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Akasema hana haja ya kusema, kwani ile ya Tanga na hii yangu ni hadithi mbili, na yangu inamchekesha zaidi. Ila ina tundu.

“Tundu gani, Mama?”

“Mbaya wako hana sababu, fundi. Mtu hazaliwi na kufuli. Nani alimfunga kwanza? Watu wanacheka leo, lakini keshokutwa watachoka, kwa sababu wanajua atakachofanya.”

Nikaona ni maneno ya kizee. Alasiri nikasimulia, na kweli, nilipofika kwenye “ungetangulia kidogo” wengine waliyasema kabla yangu, na mmoja akapiga mwayo. Mwayo! Barazani kwangu! Na Mselem kamfufua mpishi wake akawa jini. Watu wameanza kugeuza shingo.

Jumatano, 12 Septemba

Leo sikusimulia. Nimesema koo linaniuma. Ukweli natafuta sababu.

Adhuhuri Mzee Shekhe alikuwa msikitini. Asmahani anapepeta mchele. Nikamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwa nini baba yake anafunga ghala.

Aliweka ungo chini. Akaniuliza kama ninauliza kama mumewe au kama msimulizi. Nikasema kama mumewe. Akaniapisha. Nikaapa.

“Mwaka wa njaa, mimi sijazaliwa,” akasema. “Ghala la Baba halikuwa hata na mlango. Apitaye alipewa. Baba akisema mgeni ni baraka, riziki haiishi kwa kugawa. Akagawa, akagawa, mpaka siku aliyoingia kuwachotea wanawe akakuta sakafu. Walikuwa wawili, Mboni na Mwinyijuma. Amewazika wote kabla mvua haijaanza. Kisha akaita seremala, akatia mlango, akalala mbele yake. Hajapata kusema. Mimi nilisimuliwa na marehemu Mama.”

Miaka yote hii nimecheka zile funguo! Nimeigiza kile kikohozi harusini! Nilitaka kumshika mkono Asmahani, nikashika ungo.

“Hili si la barazani,” akasema.

Nikasema wallahi, si la barazani.

Alhamisi, 13 Septemba

Sijui kama mkono huu ni wangu. Sijui kama ulimi ule ulikuwa wangu.

Kesho ni Ijumaa ya uamuzi. Watu wamejaa, Zainuddin mlangoni, mkwe wangu juu ya kibao chake. Nikaanza vizuri. Lakini upande wa pili Mselem naye kaanza, jini la mpishi limeingia kwenye chungu cha bibi harusi, na nikaona kwa macho yangu mvuvi mmoja ananyanyuka. Akafuatia wa pili. Muuza kahawa akachukua birika lake. Nikapandisha sauti. Nikapiga meza. Nikamtia Mzee Kufuli kikohozi mara nyingi mno. Wanakwenda!

Hapo ndipo nikasikia mtu anasema, “Lakini mnajua kwa nini Mzee Kufuli alifunga ghala lake?” Ni mimi niliyesema.

Wakasimama. Nikasema mwaka wa njaa. Nikasema ghala lisilo na mlango. Wakarudi, wakakaa. Nikasema mgeni ni baraka. Mselem mwenyewe akaacha mpishi wake, akasogea na wembe mkononi. Nikasema sakafu. Nikasema makaburi mawili madogo kabla ya mvua. Mwanamke mmoja nyuma ya mlango akalia, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilifurahi! Nikawaza, kumbe ndivyo inavyofanywa! Nikamleta seremala. Nikamlaza mzee mbele ya mlango wake.

Kisha nikamtazama mkwe wangu.

Hakuwa akilia. Mkono wake ulikuwa umeshuka kiunoni, umezishika funguo zote pamoja, zisilie.

Akasimama taratibu. Watu wakampisha.

“Na majina yao?” akaniuliza.

“Majina ya nani, Baba?”

“Watoto wa huyo mzee. Majina yao nani?”

Nikasema hadithi haikusema.

“Imesema yote,” akasema, “imeshindwa na hilo tu?”

Akashika njia ya kivukoni. Hakukohoa. Na mlango wa duka ukafunguka, Asmahani akatoka na buibui lake, akapita mbele yangu na mbele ya watu wote, hakunitazama, akamfuata baba yake.

Watu wakadhani ni sehemu ya hadithi. Wakapiga makofi!

Ijumaa, 14 Septemba

Baada ya sala Zainuddin ametangaza. Baraza ni langu. Mselem kachukua kiti chake kwenda kukiweka kivukoni. Bi Khatijabai hakuniita ndani kwa chai. Aliniangalia dirishani, akatikisa kichwa, akafunga.

Watu wamekuja alasiri kutaka mwisho. Sina mwisho. Nikawaambia waende kwao.

Nyumbani jiko ni baridi. Nimekaanga samaki, nimemuunguza upande mmoja na upande wa pili yu mbichi. Sikujua kwamba inawezekana.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimevuka kwenda Bweni. Mselem aliniona nikipanda kivuko, alininyooshea mkono tu kama anayesindikiza maiti.

Mzee Shekhe alikuwa kizingitini. Nikasema shikamoo Baba, magoti yakaenda chini yenyewe.

“Marahaba,” akasema. “Ah, ungetangulia kidogo.”

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya yote mawili. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kinachomuuma si kusemwa. Kinachomuuma ni kwamba alicheka. Siku zote zile alimcheka yule mzee kuliko watu wote, akamtukana, akataka apewe ubaya zaidi.

“Nimevuka mto kwenda kujitukana,” akasema, “na chai sikupewa.”

Nikamwomba radhi. Nikasema niliapa na kiapo nimekila. Kuku wakapita. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia kabisa. Tangu siku aliyowafukia hajapata kuyataja majina yao kwa sauti. Aliogopa akiyataja watakuja kuomba chakula. Nami nimewaleta mbele za watu bila hata jina, kama watoto wa mtu asiyejulikana.

“Mboni,” akasema. Akangoja. Hakuna kilichotokea. “Mwinyijuma.”

Ndani, nyuma ya mlango, nikasikia Asmahani ameweka chombo chini.

Akaniuliza mzee yule anaishia wapi. Nikamwambia nilikusudia atumbukie kisimani kwa uzito wa funguo zake. Mzee akakasirika, akasema huo ni mwisho wa mtu mvivu. Mzee yule hafi wala hatubu. Anazeeka tu. Siku moja anachoka kubeba funguo, anampa mmoja binti yake. Na hapo hapo, mbele yangu, akafungua fundo kiunoni, akatoa ufunguo wa ghala, akamwita Asmahani akampa.

Nimeduwaa. Asmahani akaufunga kwenye pindo la kanga.

Kabla ya magharibi akamwomba amrudishie. Kwa muda tu, akasema. Akakohoa.

Kuhusu mimi, Asmahani alisema maneno machache. “Baba amekusamehe kwa kuwa ni mzee. Mimi bado kijana.”

Nikarudi peke yangu.

Jumatatu, 17 Septemba

Amerudi! Kaja na kivuko cha asubuhi, na kikapu cha muhogo kutoka ghalani. Kutoka ghalani! Sikuamini, nikaushika.

Ana sharti. Lililo ndani ya nyumba lisitoke kwenda barazani. Si la Bweni, si la Pangani, si la kwake wala la jirani. Nimeapa. Akasema kiapo changu anakijua, safari hii anataka niseme kwa akili yangu mwenyewe nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba hadithi ni kitu kikubwa na mtu ni kikubwa zaidi. Akanitazama kwa macho laini kwa mara ya kwanza. Na mimi nikashangaa jinsi nilivyolisema vizuri.

Alhamisi, 20 Septemba

Siku mbili hizi barazani ni mimi, cherehani na magunia ya mbata. Watu wote wako kivukoni. Mselem ana hadithi mpya!

Leo nimekwenda kuiona kwa macho yangu. Nimekuta umati, wengine wameacha kivuko kiondoke bila wao. Kumbe mpishi kamwacha. Sasa anasimulia habari za mshona viatu mmoja wa Mombasa, kichwa kitupu, domo kubwa, anayejiona bingwa wa maneno. Mtu huyo anabadilisha machozi ya mkewe kwa mahali pa kukaa, kisha anapapata na hana wa kukaa naye. Na kila akiumbuka anadhani anasifiwa! Sijapata kusikia mjinga wa namna hiyo. Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Watu wakaacha kumtazama Mselem wakanitazama mimi, nadhani walipendezwa kuona sina kinyongo.

Nimejaribu sana kumtambua. Mshona viatu yupo mmoja kule Muheza, lakini yule hana mke. Nimemwuliza Mselem ni nani hasa. Mselem kafungua mdomo, kaufunga, akaniambia leo ananinyoa bure. Kaingiwa na imani, maskini.

Hata hivyo sitakubali anishinde. Njiani kurudi fikra imenijia, nikasimama katikati ya barabara, baiskeli ikanikwepa. Mwanamke mmoja mzuri, mkali, ambaye mumewe hawezi kusema neno asimwapishe! Anamtaka aape kabla ya chai, aape kabla ya kulala, na kila akikasirika anavuka mto kwenda kwao na ungo wake. Ninayo maneno yake yote, ninayo sauti yake, ninayo hata namna anavyotazama na kuendelea kukuna nazi. Kiapo sikivunji, kwani nimeapa mambo ya Bweni na Pangani tu. Huyu nitamweka Basra. Na hapa Pangani ni nani aliyewahi kufika Basra?